Nyusi za Bibi Gulrez

Jumatatu, 7 Oktoba 2024

Dada Rabia amenipa daftari hili niandike dawa za Bibi, saa alizomeza na alichokula. Dawa nitaziandika kuanzia mbele. Huku nyuma nimepachukua mimi, Mungu anisamehe, maana nyumba hii ina mambo ambayo mtu akibaki nayo kichwani peke yake ataugua.

Nilifikaje hapa? Nilikuwa saluni na mdogo wangu Gracieuse, hapa hapa Point, mtaa wa bandarini Durban, yeye anasuka na mimi natengeneza nyusi. Akaingia mwanamke wa Kiislamu kutoka Westville, mpole, akauliza nani anajua Kiswahili na nani anajua nyusi. Nikasema yote mawili ni mimi. Nilidhani ni mzaha. Kumbe ana mama wa kambo wa miaka sabini na tisa, anakaa ghorofa ya tano kwenye jengo la zamani karibu na bandari. Amefukuza wasaidizi wanne kwa sababu hakuna aliyeweza kumchora nyusi. Na akikasirika Kiingereza kinamtoroka, kinabaki Kiswahili cha Nairobi, alikokaa miaka kumi.

Bibi aliniketisha mbele yake akanipa penseli. "Chora." Nikachora. Akasogeza kioo mpaka kikagusa pua. "Hii nyusi ya nani? Hii ya polisi. Futa." Mara ya pili: "Hii ya mjane. Futa." Mara ya tatu aligeuza kichwa huku na huku, akafunika penseli. Basi nimepata kazi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Amekula uji. Amenitukana mara mbili, moja kwa lugha nisiyoijua.

Jumanne, 15 Oktoba

Sasa anasema alikuwa nyota wa sinema. Lahore, Pakistan, mjini kwao, miaka ya sitini na sabini. Sinema arobaini na moja! Arobaini za Kipunjabi, ambazo kazi yake ilikuwa kukimbia shambani na kucheza mpaka vumbi lipande, na moja tu ya Kiurdu, lugha ya mabwana wakubwa, na humo hakukimbia hata hatua moja. Alishuka ngazi. "Mimi nashuka ngazi, watu nalia," aliniambia. Jina la nyumbani lilikuwa jingine, hili la Gulrez alipewa na mtayarishaji. Kazi ilipokwisha akaenda Nairobi na kundi la kucheza jukwaani, wenzake wakarudi, yeye akabaki. Huko ndiko marehemu Yacoob alikomkuta. Yacoob alikuwa na nyumba ya sinema hapa Durban, alikuwa amempenda kwenye ukuta miaka ishirini kabla ya kumwona kwa macho.

Nilipofika nyumbani nikamtafuta kwenye simu. Picha moja tu ilitokea yenye jina lake, na ni ya mwanamke mwingine. Nyusi si zake, hilo siwezi kukosea.

Gracieuse alicheka sana. Huniita Yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya, ile bibi iko anakudanganya. Vedette gani, nyota gani hana hata foto moja?"

Nikamuuliza na sisi je, mama yetu hakuwepo kwa sababu hatuna foto yake? Nyumba yetu ya Uvira, Kongo, iliungua na kila kitu, na siku hizi nikifunga macho namwona mama kitambaa cha kichwani na mikono. Katikati, penye uso, hapaji.

Jumapili, 20 Oktoba

Dada Rabia huja Jumapili. Anasema nami Kiingereza, mimi nakiandika huku kwa Kiswahili. Anaosha vyombo ambavyo nimeshaviosha, anapanga dawa, anamwita Bibi "Aunty". Miaka ishirini na nane, Aunty! Bibi naye anamwita "mtoto ya Yacoob". Wanakaa kama watu wawili wanaongoja daktari mmoja.

Na daktari ndiye aliyeleta habari. Presha ya macho imekula karibu yote. Amemwambia Rabia kwamba kufikia Krismasi Bibi ataona mwanga na giza, basi. Rabia alinieleza jikoni huku anafuta meza iliyo safi. Nikamwona mkavu, mtu asiye na machozi.

Ijumaa, 1 Novemba

Mvua siku ya nne. Ukuta wa chumbani umeota ukungu. Leo alitaka nyusi nyembamba zaidi, "ya mwaka sabini na moja". Kwani nilikuwepo?

Jumatano, 6 Novemba

Bibi amejua habari ya macho. Hakuna aliyemwambia, amejua mwenyewe kwa kuwa asubuhi alisogeza kioo mpaka kikagonga pua, kisha akakiweka kifudifudi mezani.

Akaniambia (Julienne kwake ni Juli): "Wewe Juli, sikiza. Mimi taka ona uso yangu mara moja. Ile ya zamani. Halafu Mungu chukua macho, hapana shida."

Nikamuuliza uso wa zamani uko wapi. Akasema uko Mobeni.

Hadithi yenyewe hii. Sinema za Kipunjabi ziliteketea zote, ghala la studio liliungua. Picha zake za karatasi aliziacha kwa dada yake, dada akafa, watoto wakatupa. Ila Yacoob alipomwoa aliandika barua Lahore, kwenye maabara iliyokuwa inafungwa, akanunua mikebe ya ile sinema ya Kiurdu iwe zawadi ya ndoa. Ikaja kwa meli, mikebe kumi na minne ya bati, na jina limeandikwa juu. Akaifungia kwenye ghala la rafiki yake huko viwandani Mobeni. Hakuifungua. Alisema ataionyesha siku atakapofungua tena nyumba yake ya sinema. Yacoob amekufa 2009, na nyumba ya sinema ni duka la viatu.

Jumanne, 12 Novemba

Nilimpigia Dada Rabia. Nikamweleza habari ya mikebe. Akasema, "Ghala limeuzwa. Wameniambia niondoe vitu vya baba mwisho wa mwezi. Nilikuwa nataka vitupwe."

Nikasema, "Dada Rabia, tafadhali, usivitupe. Ni uso wa Bibi."

"Mama yangu alikufa mwaka tisini na nne," alisema. "Mwaka tisini na sita baba yangu alikuwa anapokea mikebe bandarini, amevaa suti. Unajua sikuwahi kumwona kavaa suti kwa ajili ya mama?" Kisha akakata simu.

Nilimsema vibaya huku juu. Sitafuta, lakini najuta.

Jumapili, 17 Novemba

Dada Rabia amekuja, ameleta funguo za ghala. Ameziweka mezani, akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi, 23 Novemba

Tumekwenda Mobeni, Dada Rabia, mimi na mzee Mikaeel. Mzee huyu ndiye aliyekuwa akiendesha projekta kwenye sinema ya Yacoob. Ni Mzanzibari wa hapa hapa Durban kama Yacoob mwenyewe, babu zao waliletwa zamani kutoka huko juu pwani. Ana Kiswahili cha msikitini kidogo na Kizulu kingi, hapa namwandika kwa Kiswahili changu. Projekta moja ndogo ya zamani aliibeba kwake siku sinema ilipofungwa, akaiweka chini ya kitanda.

Mvua ilitushika kwenye kila robot, ndivyo wanavyoita taa za barabarani hapa. Ghalani mikebe ilikuwa nyuma ya makochi yaliyooza. Tulipofungua mmoja harufu ya siki ilitupiga, ungedhani tumefungua pipa la achari. Mzee Mikaeel alikunja uso. "Eish. Inakufa hii," alisema. Mikanda ikikaa kwenye joto na unyevu inatoa siki, kisha inajikunja, kisha inakuwa vumbi. Minane ilikuwa imegandana kabisa. Sita labda itafunguka.

Dada Rabia alisimama mlangoni na mwavuli, hakuingia. Lakini wakati wa kupakia aliweka koti lake juu ya mikebe isilowe, yeye akalowa.

Ijumaa, 29 Novemba

Mzee Mikaeel anasema anahitaji siku kavu. Mkanda ukiwa na unyevu hauwezi kuguswa. Mvua.

Jumatano, 4 Desemba

Mvua.

Jumatatu, 9 Desemba

Mvua. Bibi amenipita sebuleni, amesalimia koti lililotundikwa.

Mchana kutwa ananieleza hiyo sinema, hasa wimbo wa ngazi. Anashuka na taa mkononi, kipini puani, shali begani. Shali ilikuwa nyekundu juzi, jana nyeupe, leo kijani. Nikamwambia, "Bibi, shali ngapi hizo?" Akajibu, "Wewe hapana polisi," akacheka. Kuimba hakuimba yeye, kulikuwa na mwimbaji, yeye alifungua mdomo tu, na huko kwao wote walifanya hivyo. Lakini hata maneno ya kawaida walimwekea mwanamke mwingine, kwa sababu Kiurdu chake kilinuka shamba. "Sauti hapana yangu. Uso tu yangu," alisema. "Lakini uso ile, Juli!"

Mimi sasa namwamini. Mwongo angejipa na sauti.

Jumamosi, 14 Desemba

Siku mbili za jua. Mzee Mikaeel aliniita kwake. Nilikwenda nikidhani ni furaha.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha jikoni, glavu mkononi, mkanda umelala mapajani juu ya taulo. Akauinua mbele ya dirisha, akasema, "Tazama mwanangu. Unaona nini?"

Niliona mkanda mweupe kama nailoni ya kufunikia daftari. Pembeni kulikuwa na mstari mmoja mwembamba uliokuwa unatetemeka, unapanda unashuka, mkanda mzima. Hakukuwa na mtu. Hakukuwa na ngazi.

"Hiyo ni sauti," alisema. "Kule maabara picha inakaa mkanda wake na sauti mkanda wake. Wanaviunganisha wakati wa kutoa kopi ya kuonyesha. Yacoob aliandika, nipeni mkanda wa asili wa sinema fulani. Wakampa sauti. Jina juu ya mkebe ni lile lile, yeye angejuaje? Hakufungua."

"Na wa picha?"

"Mkanda wa picha una madini ya fedha ndani. Studio ikifa, watu wanaosha mikanda kwenye dawa, wanachukua fedha, plastiki inatupwa." Akaushusha mkanda taratibu kwenye taulo. "Pengine kuna mtu huko ana bangili ya fedha hiyo, mwanangu."

Amekagua yote sita inayofunguka. Ni sauti tupu. Yaani sinema arobaini na moja, na kilichobaki duniani ni sauti ya mwanamke mmoja akisema maneno yake na ya mwingine akiimba wimbo wake. Bibi mwenyewe hayumo. Nimeshuka hadi kituo cha taxi nikapitwa na taxi tatu kwa kusimama tu.

Alhamisi, 19 Desemba

Daktari hakukosea. Asubuhi nilipopeperusha mkono mbele yake hakupepesa. Nilipofungua pazia aligeukia dirishani. "Mwanga naona," alisema. "Sinema tayari?"

Nikasema bado kidogo, mvua.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Kanisani nilimwomba Mungu anipe la kusema. Nimerudi bila.

Jumatatu, 30 Desemba

Tulikaa watatu jikoni, mlango umefungwa, Bibi amelala. Dada Rabia alisema tumwambie mikebe imeoza yote, nusu yake ni kweli. Ndipo likanitoka: "Anaona mwanga. Projekta itapiga mwanga ukutani na sauti itasikika. Mimi nitamweleza picha. Hadithi yake naijua kuliko sala ya Baba Yetu."

Mzee Mikaeel hakupenda. "Miaka thelathini nimeonyesha sinema. Sijawahi kuonyesha ukuta."

"Huo ni uongo," alisema Dada Rabia.

"Ndiyo," nikasema.

Alinitazama sana. Kisha akauliza sauti ingechukua muda gani, na mzee akasema mkebe wa wimbo ni dakika kumi tu, na utapita mara moja, projekta itaukatakata. Rabia akasema iwe Jumapili, mchana. Nilimwona anafuta meza tena, na safari hii niliona matone yanaangukia kitambaa. Miezi mitatu nimemwita mkavu.

Jumapili, 5 Januari 2025

Nitaandika yote kama yalivyokuwa.

Asubuhi Bibi alitaka nyusi za mwaka sabini na moja. Nilichora nikashika pumzi. Alivaa sari ya rangi ya mchele, bangili zote, wanja, manukato. Mzee Mikaeel alikuja na suti, sijui aliitoa wapi, na alipoingia akainamisha kichwa mbele yake kama anavyofanyiwa mkubwa. Dada Rabia alifunga mapazia. Nje mvua ilikuwa inanyesha, ndani kulinuka siki na waridi.

Nilikaa chini karibu na miguu ya Bibi. Projekta ikaanza kunguruma, ukuta ukawaka mweupe. Bibi alishtuka akanishika bega. "Naona!" alisema. "Naona mwanga yake!"

Kukatoka sauti za watu, zikikwaruza, mwanamume anauliza kitu, mwanamke anajibu.

"Niko wapi?"

"Uko juu ya ngazi, Bibi. Umeshika taa."

"Shali?"

"Kijani."

Akatikisa kichwa, ameridhika. Muziki ukaanza, ngoma, kisha filimbi, kisha yule mwimbaji. Sijui maneno yake yana maana gani, lakini nywele zilinisimama. Mdomo wa Bibi ukawa unafuata, bila sauti, kila neno kwa wakati wake. Miaka hamsini na kitu na mdomo haukukosea.

Nikaendelea kueleza. Unashuka ngazi ya kwanza. Taa inakuangaza usoni. Kipini kinameta. Sasa unamtazama yule bwana halafu unainamisha macho. Unanyanyua nyusi moja. Bibi alikuwa ananyanyua nyusi ile ile. Nilijisikia kama ninayaona kweli, naapa. Nikaona mpaka kidevu chake, kidogo, chenye shimo, ambacho hakunielezea.

Ubeti wa tatu ukaanza. Akauliza taratibu, "Hapa je? Hapa uso iko namna gani?"

"Hapa unamtazama uso kwa uso, Bibi. Unacheka. Mzuri sana!"

Mkono wake ulikuwa begani kwangu. Ukatulia. Mdomo wake ukaacha kufuata wimbo.

"Endelea," alisema.

Nikaendelea mpaka mwisho. Mkanda ulikatika mara mbili, mzee aliushika kwa vidole akaurudisha kwenye projekta. Ulipokwisha ukuta ulibaki unawaka. Bibi akasema asante kwa kila mmoja kwa jina lake. Alimwita Rabia "Rabia". Kisha akaomba alale.

Jumanne, 7 Januari

Nilikuwa namsugua miguu alipoanza kusema.

"Ubeti ya tatu mimi hapana uso. Ile asubuhi mtayarishaji alinipiga hapa." Akagusa shavu na jicho. "Mimi nachelewa, yeye napiga. Imevimba. Kamera nakuja nyuma. Ubeti mzima watu naona nywele tu. Watu nasema, ah! uzuri gani hii, director ana akili!"

Sikuweza kunyanyua kichwa.

"Hapakuwa na picha," alisema.

"Hapakuwa, Bibi. Ni sauti tu. Nisamehe."

"Ile ngazi uliona wapi? Taa? Kipini?"

"Kwako. Ulinieleza wewe."

"Basi ile uso hakuna mahali," alisema. Hakuwa na hasira, na hasira ningeipenda zaidi. Akavuta miguu yake, akajifunika.

Jumatano, 8 Januari

Leo hakutaka nyusi.

Alhamisi, 9 Januari

Hakutaka nyusi.

Jumapili, 12 Januari

Nilimsogelea na penseli. "Ya nini? Nani naona?" Dada Rabia alikuwepo, alitoka akaenda kusimama kwenye korido.

Alhamisi, 16 Januari

Hali chakula. Nimeandika kule mbele "supu vijiko vitatu". Vilikuwa viwili.

Jumatano, 22 Januari

Mvua. Pumzi fupi. Amelala tangu asubuhi. Saa tisa mchana nilichukua penseli nikamchora bila kumwomba ruhusa, za mwaka sabini na moja. Zimetoka nzuri kuliko zote.

Alhamisi, 23 Januari

Amekufa alfajiri. Nimeandika hilo neno na sasa sijui nifuatishe nini.

Kwao maiti haingoji. Kabla ya saa nne wanawake wanne wa msikitini walikuwa wamefika na maji na sanda, Dada Rabia akiwa mmoja wao. Mimi si Mwislamu, nilikaa jikoni nikisikia maji. Walipomaliza Dada Rabia akaja, macho mekundu, akasema, "Njoo umwone kabla hatujafunika. Ulimtunza wewe."

Nikaingia. Uso ulikuwa wazi, mdogo, msafi. Walikuwa wamemwosha vizuri. Nyusi hazikuwepo.

Na hapo nilifanya nilichofanya. Kwetu mtu akifa kamera ndiyo inaanza kazi. Kuna mpiga picha wa matanga, uso wa marehemu unapigwa, watoto wanapigwa wamesimama pembeni, walio mbali wanatumiwa. Ni heshima. Asiyepigwa ni asiye na watu. Mimi ninayelala na mama asiye na uso, niliona uso ambao hauko mahali popote duniani, na baada ya dakika tano utafunikwa. Nikatoa simu. Nikapiga moja.

Sauti ya simu ilijaza chumba. Mama mmoja akasema "Astaghfirullah!" Mwingine akatupa kitambaa juu ya uso wa Bibi. Dada Rabia hakunipigia kelele. Alinishika kiwiko akanitoa mpaka jikoni, akasema, "Julienne. Amefunikwa mwili wake wote, hata wanaume wa kwao hawamwoni. Tafadhali."

Nikafuta mbele yake. Alitazama kidole changu mpaka mwisho. Kisha wanaume wakaja wakambeba, na sisi wanawake hatukwenda makaburini.

Ijumaa, 24 Januari

Gracieuse, ambaye aliniambia huyu bibi ni mwongo, amelia kuliko mimi. Kisha akashika simu yangu. "Yaya, foto ya kufuta haifutikake mara moja. Kuko kikapu. Inakaa siku makumi tatu." Akanifungulia. Imo. Chini imeandikwa: siku 29.

Jumanne, 28 Januari

Siku 25. Nimerudi saluni.

Jumatatu, 3 Februari

Siku 19. Mvua. Nafungua, natazama dole gumba likiwa limefunika nusu, nafunga. Kurudisha ni kugusa mara moja tu. Niliahidi bila kuahidi.

Jumapili, 9 Februari

Siku 13. Gracieuse anasema rudisha, nani atajua. Nilimwambia Bibi atajua. Uso ule hauna nyusi. Mwanamke aliyefukuza wasaidizi wanne! Aliyetaka dunia imwone yuko juu ya ngazi na taa mkononi. Hiki nilichonacho ni kizee kilichooshwa. Angesema, "Hii ya nani? Futa."

Jumapili, 16 Februari

Siku 6.

Jumamosi, 22 Februari

Leo kikapu kimeandika hakuna kitu. Nilikuwa namchora nyusi bibi harusi mmoja, nikamwomba radhi, nikatoka nje kidogo.

Jumamosi, 1 Machi

Mvua imekatika. Kesho Waislamu wanaanza kufunga.

Saa kumi Dada Rabia aliingia saluni, na kibakuli cha samosa kimefungwa kwa kitambaa. Watu wakampisha. Alisema wao kabla ya Ramadhani wanaombana msamaha, na amekuja kuniomba mimi. Nikasema mkosaji nilikuwa mimi. Akasema hapana, sikiliza kwanza.

"Nyusi nilizifuta mimi," alisema. "Wale wengine hawakutaka kugusa penseli, haikutoka kwa maji tu. Nikachukua sabuni nikazisugua kwa mkono wangu. Miaka ishirini na nane sikuwahi kumgusa uso. Na tangu siku hiyo nikimkumbuka, naona sabuni. Simwoni yeye. Nimetafuta nyumba nzima, hakuna picha hata ya pasipoti, za hapa alizichoma zote alipoanza kuzeeka." Alishusha sauti. "Najua nilikuambia ufute. Ile picha... labda unayo bado?"

Nilimwonyesha kikapu kitupu. Nilimwambia tarehe.

"Wiki moja," alisema.

"Wiki moja, Dada Rabia."

Alikaa kwenye kiti cha wateja, mbele ya kioo. Gracieuse alizima mashine ya kukaushia nywele bila kuambiwa. Dada Rabia akajitazama kwenye kioo kama mtu asiyejua alichofuata hapo, kisha akafumba macho.

"Ulimweleza yeye," alisema. "Nieleze na mimi. Lakini usidanganye."

Nilisimama nyuma yake. Kidevu sikukumbuka kama kilikuwa na shimo au nilikitunga mimi siku ile. Rangi ya macho sikuwa na hakika. Kitu kimoja tu vidole vyangu vilikuwa na hakika nacho.

Nikaanza na nyusi.